Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu: Kufundisha, Kupima na Kulimudu Darasa

Haya ndiyo maswali ambayo walimu hurudia kuulizana, wageni kazini na wakongwe, wa msingi na wa sekondari. Majibu yanachukulia kipindi cha dakika 40 na darasa ambalo chombo chake kikuu ni ubao. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Kabla ya kuingia darasani

1. Andalio la somo liwe refu kiasi gani?

Ukurasa mmoja unatosha, mradi mambo matatu yawemo: lengo, maswali, na makosa unayoyatarajia. Mengine mengi huandikwa kwa ajili ya mkaguzi.

Lengo liwe na kitenzi ambacho macho yanaweza kukishuhudia. "Mwanafunzi aelewe sehemu" halipimiki. "Mwanafunzi ajumlishe sehemu mbili zenye asili tofauti, kama 1/3 + 1/4" linakupa papo hapo zoezi la kutoa na swali la kufungia kipindi. Maswali makuu matatu au manne yaandike neno kwa neno, maana swali linalobuniwa ukiwa umesimama ubaoni mara nyingi hutoka likiwa limebeba jibu lake ("Hii ni nomino, siyo?").

Sehemu ya makosa ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kubwa. Kabla ya somo hilo la sehemu, jua kwamba wapo watakaoandika 2/7, kwa kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ukiwa umelitarajia, utalitambua ukipita kati ya madawati, na utakuwa na la kuwauliza: 2/7 ni ndogo kuliko 1/3, imekuwaje jumla ikapungua?

2. Dakika tano za mwanzo nifanye nini?

Marudio kwa maandishi. Andika ubaoni maswali manne mafupi: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wajibu bila kufungua daftari la maelezo, kisha toa majibu na kila mtu ajisahihishe.

Sababu yake inajulikana tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha vipimo vyake vya usahaulifu mwaka 1885: kinachojifunzwa mara moja hupotea haraka, na kupotea kunapungua kila kinapokumbukwa upya. Kusoma tena hakuleti matokeo sawa na kujiuliza. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma: wengine walivisoma mara mbili, wengine walivisoma mara moja kisha wakajipima. Waliovisoma mara mbili walifanya vizuri zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni majibu marefu, yanayofanya dakika tano ziwe kumi na tano. La pili ni kuingiza alama kwenye rejista. Wakishajua zinahesabiwa, watanakili, na utakachokisoma kitakuwa kumbukumbu ya jirani.

3. Nitoe mifano mingapi kabla ya kuwaachia zoezi?

Kwa mada mpya, mifano miwili kamili, ukisema kwa sauti unachofikiri katika kila hatua, halafu mmoja ambao hatua ya mwisho wanaimalizia wao, halafu mmoja ambao wewe unaanza tu. Akili hubeba vitu vichache vipya kwa wakati mmoja (makadirio ya mwanasaikolojia Nelson Cowan ya mwaka 2001 ni kama vinne), kwa hiyo mwanafunzi anayeruka kutoka mfano mmoja hadi maswali kumi hutumia nguvu zake zote kutafuta pa kuanzia.

Mifano miwili isifanane kwa kila kitu. Ikiwa yote miwili ina namba ndogo kushoto na kubwa kulia, wapo watakaodhani hiyo ndiyo kanuni.

## Kipindi kikiendelea

4. Kila nikiuliza wananyoosha mikono wale wale watano. Nifanyeje?

Acha kutegemea mikono. Andika majina yote kwenye vijiti au vipande vya karatasi, uvitie mkebeni, uchomoe. Mpangilio ni huu: uliza swali, nyamaza, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wamepata ruhusa ya kupumzika. Kijiti kilichotumika kirudishe mkebeni, la sivyo aliyekwisha kujibu atajua zamu yake imepita.

Kimya hicho ndicho kigumu. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi walioshindwa kujibu wakapungua. Hesabu moyoni hadi tatu. Utaona ni ndefu kuliko unavyodhani. Kwa swali zito, wape dakika moja ya kuandika na moja ya kuongea na jirani kabla ya kuchomoa kijiti.

Akisema "sijui", usimwache hapo wala usimkalie. Nenda kwa wengine wawili, kisha rudi kwake: "Haya, katika majibu hayo mawili, wewe unachukua lipi, na kwa nini?" Wakishazoea kwamba unarudi, "sijui" za kukwepa hupungua.

5. Nauliza "Mmeelewa?", wanaitikia "Ndiyo!", kisha wanaanguka kwenye zoezi. Tatizo nini?

Tatizo ni swali. Mwanafunzi asiyeelewa mara nyingi hajui kwamba hajaelewa, na anayejua hatasema mbele ya wenzake. Hata swali halisi likijibiwa vizuri na mmoja, umepata habari za mmoja. Unahitaji jibu la kila mtu kwa wakati mmoja, na njia mbili ni rahisi.

Ya kwanza ni vidole. Swali lina machaguo A, B na C. Kidole kimoja ni A, viwili B, vitatu C. Vidole viwekwe kifuani, visiinuliwe juu, na vitolewe kwa ishara moja. Mkono ukiinuliwa juu, walio nyuma husubiri waone walio mbele wanasemaje.

Ya pili ni vibao vidogo. Karatasi nyeupe ya manila ya ukubwa wa A4 ndani ya mfuko wa plastiki angavu, kalamu ya wino unaofutika na kipande cha kitambaa. Kimoja kwa kila wawili kinatosha. Kibao cha mawe na chaki hufanya kazi ile ile. Sheria ni kwamba kibao hulala kifudifudi hadi useme "onyesha".

Swali lenyewe lipangwe ili kila jibu lisilo sahihi lifichue fikra fulani. Mfano: ipi ni kubwa zaidi, A 0.4, B 0.62 au C 0.236? Anayechagua C anasoma tarakimu zilizo baada ya nukta kama namba nzima, na kwake 236 inazishinda 62 na 4. Anayechagua A amesikia kwamba sehemu ya kumi ni kubwa kuliko ya mia au ya elfu, akahitimisha kwamba desimali fupi ndiyo kubwa. Wote wawili wamekosa, lakini dawa zao ni tofauti, na alama ya X peke yake isingekuonyesha hilo. Jihadhari na swali kama "0.3 au 0.125?": yule wa "fupi ndiyo kubwa" atapata, nawe utadhani ameelewa.

Kisha amua. Wakipata kama wanne kati ya watano, endelea, na waliobaki wafuate wakati wa zoezi. Wakipata nusu, wape dakika mbili wabishane wawili wawili, uulize tena. Mara nyingi wengi husogea upande sahihi. Wakipata chini ya theluthi moja, fundisha upya kwa mfano mwingine. Kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi hakusaidii.

6. Nina wanafunzi zaidi ya 70. Kazi za vikundi zinawezekana kweli?

Zinawezekana, ila anza na wawili wawili. Jozi haihitaji kuhamisha dawati, na hakuna wa kujificha. Kikundi kikubwa kiwe cha wanne: dawati la mbele wanageuka kutazama la nyuma. Kuanzia sita kwenda juu, wawili hufanya kazi, wengine hushuhudia.

Vikundi viwe vya kudumu kwa muhula mzima na vichorwe kwenye ramani ya kukaa, ambayo pia itakusaidia kujua majina. Kugeuka na kurudi kuna haja ya kufanyiwa mazoezi kama somo: mara ya kwanza huchukua dakika tano za vurugu, na ukiwarudisha na kuwageuza mara tatu siku hiyo hiyo, itashuka hadi chini ya dakika moja. Madaftari yakusanywe kwa safu, kutoka ukutani kuja kwenye njia, yakiwa yamefunguliwa kwenye ukurasa wa kazi. Jambo dogo, lakini kwa madaftari 70 linaokoa muda mwingi wa kupekua.

Anayewasilisha asichaguliwe na kikundi. Sema mapema kwamba utamtaja mmoja wakati wa kuwasilisha. Ndipo mjuzi atakapolazimika kuhakikisha wenzake wameelewa. Kwa mada yenye vipande vinavyojitegemea, tumia mbinu ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha Texas mwaka 1971: kila mmoja katika kikundi hupewa kipande chake, hukutana na wenye kipande hicho kutoka vikundi vingine wakakichambua, kisha hurudi kuwafundisha wenzake. Haifai kwa hesabu zinazojengana hatua kwa hatua, kwa sababu mwenye kipande cha tatu hawezi kukielewa bila cha pili.

7. Wengine hawajui kusoma vizuri na wako madarasa ya juu. Nafundisha nini?

Kwanza jua ni nani na amekwama wapi. Kaa na mmoja mmoja kwa dakika mbili au tatu. Mpe aya fupi. Akiisoma vizuri, mpe hadithi. Aya ikimshinda, mpe maneno. Maneno yakimshinda, mpe silabi na herufi. Andika ngazi yake, usiandike alama.

Kisha tenga muda maalumu, hata nusu saa kwa siku, ambapo watoto wanapangwa kwa ngazi hizo bila kujali darasa lao. Shirika la Pratham la India limejenga mpango wake mzima juu ya wazo hili. Wapime tena baada ya wiki chache na uwahamishe. Kundi lisilohamisha mtu hugeuka kuwa lebo.

Kwenye vipindi vya kawaida usiandae masomo matatu. Somo ni lile lile, msaada ndio unaotofautiana: maandishi yasomwe kwa sauti kwanza, maneno magumu matano yaelezwe kabla, na kwenye sayansi au historia aruhusiwe kujibu kwa mdomo au mchoro. Anachopimwa hapo ni sayansi.

8. Je, nipange somo kwa "wanaojifunza kwa kuona" na "wanaojifunza kwa kusikia"?

Hapana. Mapitio ya tafiti ya Pashler na wenzake ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda kunamfanya ajifunze zaidi. Kinachoamua njia ni maudhui: ramani ionekane, matamshi yasikike, na hilo ni kwa wote.

## Kusahihisha na kupima

9. Nina madaftari 120. Nitayasahihishaje bila kufa?

Madaftari 120 kwa dakika tatu kila moja ni dakika 360, yaani saa sita kwa zoezi moja. Hakuna ratiba inayobeba hilo kila wiki. Usisahihishe kila kitu, na usisahihishe kila kitu kwa namna moja.

Mazoezi yenye jibu moja wasahihishe wenyewe darasani kwa kalamu ya rangi nyingine; kazi yako ni kupita na kuona nani amejidanganya. Insha na maelezo yasome kwa alama fupi za pembeni: TH kwa tahajia, UA kwa uakifishaji, NG kwa upatanisho wa ngeli, na mkato wa wima pale aya mpya ilipopaswa kuanza. Usiandike jibu sahihi, kwani ukiliandika umefanya kazi yake.

Njia inayookoa muda zaidi ni ya ukurasa mmoja kwa darasa zima. Soma madaftari 30, ukichagua wa kila kiwango, bila kuandika ndani. Pembeni uwe na karatasi yenye safu tatu: kilichofanyika vizuri, makosa yanayojirudia (chora vijiti vya kuhesabia), na majina ya wanaohitaji kuonwa. Baada ya saa moja utakuwa na makosa matatu makubwa. Kesho yake andika ubaoni sentensi zenye makosa hayo bila majina, yarekebisheni pamoja, kisha wape dakika kumi za kurekebisha kazi zao wenyewe. Wiki ijayo chukua madaftari mengine 30.

Dakika hizo kumi zisitolewe sadaka. Usahihishaji usiofuatwa na marekebisho ni mapambo ya wino mwekundu. Mzazi au mkuu akiuliza mbona daftari halina alama nyingi, mwonyeshe marekebisho yenyewe.

10. Niandike alama, maoni, au vyote viwili?

Kwa kazi ya kujifunzia, maoni peke yake. Ruth Butler, katika utafiti wa mwaka 1988, aligawa wanafunzi makundi matatu: waliopewa alama, waliopewa maoni, waliopewa vyote. Waliopewa maoni pekee ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote hawakufaidi maoni hayo. Mwanafunzi hutazama 6/10, hutazama ya jirani, hufunga daftari.

Kanuni za shule zikikulazimisha kutoa alama, ziweke kwenye rejista, rudisha daftari likiwa na maoni, na alama uzitaje baada ya marekebisho. Maoni yenyewe yawe agizo: "Ongeza sababu moja kwenye aya ya pili" linatendeka, "Ongeza bidii" halitendeki.

11. Swali la mtihani limekosewa na karibu kila mtu. Ni kosa langu au lao?

Lichunguze kwa hesabu mbili. Kwanza ugumu: gawa idadi ya waliopata kwa idadi ya wote. Chini ya 0.3 ni gumu sana, juu ya 0.9 ni rahisi mno. Pili, nguvu ya kutofautisha, yaani kama swali linawatenganisha wanaojua na wasiojua: panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Kwa wanafunzi 60 hao ni 16 na 16. Ikiwa wa juu 13 wamepata na wa chini 5, basi (13 − 5) ÷ 16 = 0.5, swali zuri. Chini ya 0.2, litazame upya.

Ikitoka hasi, maana yake wa chini wamelipata zaidi kuliko wa juu. Kabla ya kulaumu yeyote, kagua mwongozo wa kusahihisha. Mara nyingi jibu lililoandikwa humo ndilo lisilo sahihi. Sababu nyingine ni maneno yenye maana mbili, ambayo mwanafunzi hodari huyaona na mwingine hupita tu. Maswali ya kuchagua yana mtego wake pia: mtunzi hurefusha jibu sahihi ili liwe kamili, na wanafunzi wakishalitambua hilo huchagua refu bila kusoma. Swali lililotengenezwa kama la namba 5 hukuambia pia kwa nini wamekosa.

## Nidhamu

12. Darasa lina kelele na sauti yangu imeisha. Nianzie wapi?

Acha kushindana nalo. Chagua ishara moja (mkono juu, makofi ya mpigo maalumu, kengele ndogo), ifundishe, kisha simama mahali pamoja usubiri. Usiseme chochote hadi kimya kiwe kamili. Ukianza kuongea juu ya mnong'ono, umewaambia mnong'ono unaruhusiwa.

Kelele nyingi lakini huzaliwa na maagizo mabovu. "Haya, fanyeni zoezi" huzaa maswali hamsini: lipi, wapi, kwa dakika ngapi, na mtu au peke yangu? Toa agizo lenye vyote: "Ukurasa wa 34, swali la 1 hadi 5, peke yako, kimya, dakika nane. Anza." Kisha simama kimya nusu dakika ukiwatazama kabla ya kwenda kumsaidia yeyote. Anayewahi kuinama kwa mmoja huwapa mgongo wote.

13. Bila fimbo watanisikiliza?

Ibara ya 28 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto, na nchi nyingi zimekwisha kupiga marufuku fimbo shuleni. Hata sheria ikiachwa kando, fimbo hufundisha kutokamatwa.

Kinachofanya kazi ni adhabu ndogo isiyokosa. Panga ngazi na uwaeleze mapema: kusogea karibu na dawati lake bila kusimamisha somo, kumtaja kwa sauti ya chini, kuhamishwa kiti, kubaki dakika tano baada ya kipindi kumalizia kazi aliyoiharibu, kumwita mzazi. Anza chini kila mara, na tekeleza siku hiyo hiyo. Ukitishia usichoweza kutekeleza ("Nitawafukuza wote!"), ngazi yote imeanguka.

Mambo mawili yaepukwe. Usiadhibu darasa zima kwa kosa la watatu, maana utaunganisha sabini dhidi yako. Na usifanye kuandika au hesabu kuwa adhabu. Huwezi kumpa insha Jumatatu kama somo na Jumanne kama kiboko.

14. Mwanafunzi mmoja anavuruga kila siku na ngazi zote zimeshindikana.

Kwa wiki mbili andika kila tukio kwa mstari mmoja: saa, somo, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Usitafsiri, andika tu. Mara nyingi mpangilio hujitokeza. Kwa mfano, vurugu zinatokea kila zamu ya kusoma kwa sauti inapomkaribia, na kila mara anatolewa nje. Basi kutolewa nje si adhabu. Ndicho anachokitafuta, kwa sababu hajui kusoma. Dawa yake iko swali la 7. Vurugu zikifuatwa kila mara na kicheko cha wenzake, kiti ndicho cha kubadilisha. Zikitokea asubuhi za mwanzo wa wiki tu, uliza habari za nyumbani, kwa upole na faraghani.

## Simu, akili unde na kazi za nyumbani

15. Turuhusu simu shuleni?

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilikuta kwamba chini ya nchi moja kati ya nne zilikuwa zimepiga marufuku simu janja shuleni. Ufaransa ilipitisha sheria yake mwaka 2018. Sheria yoyote ile, mambo ya kila siku ndiyo huifanikisha au kuiua. Simu zikikusanywa, ziwe kwenye mifuko yenye namba, na anayepokea na anayerudisha wajulikane. Amueni mapema nani atalipa ikipotea, kabla haijapotea. Na mwalimu anayechati akisimamia zoezi ameshaivunja sheria kwa niaba ya wote.

16. Nashuku insha imeandikwa na akili unde. Nifanyeje?

Usitumie programu za "kugundua" kama ushahidi. OpenAI, kampuni ya akili unde waliotoa programu ya ChatGPT Novemba 2022, waliondoa kigunduzi chao wenyewe Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilizoandikwa na binadamu zilihukumiwa kuwa za mashine. Fikiria hilo kwa mwanafunzi wako anayeandika kwa lugha ya pili.

Mwite faraghani na insha yake mkononi mwako. Mwulize mambo matatu: neno hili ulilotumia aya ya pili lina maana gani, kwa nini hoja hii umeitanguliza, ungepewa aya moja zaidi ungeongeza nini? Aliyeandika hujibu, hata kwa kigugumizi. Aliyenakili hukwama, na mara nyingi hukiri bila kushinikizwa. Akikwama, arudie kazi mbele yako. Hakuna haja ya kuthibitisha kosa ili kumpa nafasi ya kuandika.

Kinga ni bora. Mpango wa insha na aya ya kwanza viandikwe darasani kwa mkono, vibaki kwako, nyumbani aendeleze. Swali lifungwe kwenye jambo lililotokea darasani: "Tumia hoja mbili zilizotolewa kwenye mjadala wetu, upinge moja." Na kazi za nyumbani zipunguziwe uzito katika alama za mwisho. Kipimo cha kweli kifanyike mbele ya macho yako.

17. Mimi mwenyewe naweza kuitumia kuandaa maswali?

Unaweza, na inaokoa muda kwa rasimu. Ila kila swali lifanye mwenyewe hadi mwisho kabla ya kulitoa, kwa sababu mashine hizi hutoa majibu yasiyo sahihi kwa lugha yenye uhakika kamili, hasa kwenye hesabu za hatua nyingi, miaka na majina. Usiingize majina, alama au matatizo ya wanafunzi.

18. Kazi mradi zinaletwa nzuri ajabu, na ni dhahiri zimefanywa na wazazi.

Hapa mzazi si mkosaji pekee. Mradi unaoagizwa Ijumaa na kudaiwa Jumatatu unamwita yeye. Gawa mradi katika hatua nne (wazo, mpango, jaribio la kwanza, kazi ya mwisho), na angalau mbili zifanyike shuleni. Alama nyingi ziende kwenye kumbukumbu za mchakato na maelezo ya mdomo, kwa maswali kama ya namba 16, na chache kwenye muonekano. Vifaa viwe vya kuokota au vya shule. Mradi unaodai kununua vitu hupima mfuko wa mzazi.

## Hali zisizo za kawaida

19. Mtihani umekaribia na mada nyingi zimebaki.

Orodhesha zilizobaki na ugawe mafungu matatu: zinazobeba mada nyingine, zinazojitegemea, na ambazo wanaweza kuzisoma wenyewe kwa mwongozo. La kwanza lifundishwe kikamilifu, la pili kwa mfano mmoja na zoezi fupi, la tatu kwa maswali kumi ya kuongoza usomaji. Usifute marudio ya swali la 2 ili kupata muda. Kumaliza mada ambazo hawatazikumbuka ni kumaliza kwenye karatasi tu.

20. Mwanafunzi amenisahihisha mbele ya darasa, na yuko sahihi.

"Ni kweli, asante." Futa, andika sahihi, waambie wote warekebishe madaftari, endelea. Kama huna hakika, sema utahakiki, na kesho anza kipindi kwa jibu.

21. Nitajuaje kama mwanafunzi haoni au hasikii vizuri?

Asiyeona vizuri hukunja macho, hunakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni, hupoteza mstari akisoma. Asiyesikia vizuri hujibu swali tofauti na lililoulizwa, hukutazama mdomo, huonekana "mkaidi" ukiwa umempa mgongo. Mkalishe mbele, ongea ukimtazama, usiongee huku ukiandika ubaoni, na maagizo yaandikwe pia. Kisha mjulishe mzazi ili akapimwe. Na mara moja kwa muhula, kaa wewe mwenyewe kwenye dawati la mwisho la pembeni utazame ubao. Mwanga wa dirisha huficha maandishi ambayo wewe uliye mbele unayaona wazi.

22. Mwanafunzi anataka kuniambia jambo, lakini kwanza nimwahidi sitamwambia mtu.

Usiahidi. Mwambie: "Nitakusikiliza. Kama kuna mtu anayekudhuru, nitalazimika kuwaambia wanaoweza kukusaidia, na nitakujulisha ni nani." Wengi huendelea kusema, kwa sababu wamekuja kutafuta msaada.

Msikilize mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika. Usimhoji. Maswali kama "Ni mjomba aliyefanya hivyo?" humtia jibu mdomoni na yanaweza kuharibu kesi baadaye; tosheka na "Niambie kilichotokea". Usionyeshe mshtuko, usitoe hukumu juu ya mtu yeyote, usimwombe akuonyeshe alama za mwilini.

Akimaliza, andika siku hiyo hiyo maneno yake kama alivyoyasema, tarehe, saa na mahali, bila maoni yako. Toa taarifa kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni na kwa mamlaka kama sheria inavyotaka. Ikiwa anayetajwa ni mtumishi wa shule, nenda kwa aliye juu yake au moja kwa moja kwa mamlaka. Usimpigie mtuhumiwa, na usimpigie mzazi kabla ya kujua kama mzazi ndiye anayetajwa. Karatasi uliyoandika ifungiwe, isiingie kwenye faili la kawaida la darasa.